Habari za Jan Swammerdam, Aliyempasua Mfalme wa Nyuki

Watu wa kale katika nchi za Ulaya walisadiki ya kuwa kila kundi la nyuki hutawaliwa na mfalme. Walimwona yule nyuki mmoja aliye mrefu kuliko wenziwe, wakaona jinsi wengine wanavyomzunguka na kumfuata aendako, wakamhesabu kuwa ni bwana wao, mwenye kuamuru na kuhukumu. Aristotle, Myunani mwenye hekima, aliandika habari za wafalme wa nyuki zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na wenye elimu wengi wakalishika neno lake pasipo kuuliza. Ni kweli walikuwako waliokisia vingine. Mwaka 1586 Mhispania mmoja aliandika kwamba huyo ni jike atagaye mayai, na mwaka 1609 mchungaji mmoja Mwingereza, jina lake Charles Butler, alimwita malkia katika kitabu chake. Lakini ubishi haukwisha, maana hapakuwa na mtu aliyeweza kuonyesha jambo lenyewe kwa macho. Ndipo akatokea kijana wa Uholanzi aliyemtwaa yule mfalme, akamlaza chini ya kioo cha kukuzia, akampasua tumbo kwa mkasi mdogo mno, akakuta ndani yake vifuko viwili vilivyojaa mayai.

Kijana huyo ni Jan Swammerdam. Alizaliwa katika mji wa Amsterdam tarehe 12 Februari mwaka 1637. Baba yake alikuwa mwuza dawa, tena mpenda vitu vya kigeni. Siku zile merikebu za Waholanzi zilikuwa zikirudi kutoka pande zote za dunia, na mzee alinunua makombe ya baharini, mawe, fedha za kale, vyombo vya China, na wanyama na wadudu waliokaushwa, hata nyumba yake ikawa nyumba ya makumbusho, na wageni wakaja kuitazama. Kijana Jan alipewa kazi ya kuvisafisha vitu hivyo na kuvipanga. Baadaye akaanza kukusanya wadudu wake mwenyewe, akiwatafuta mchana na usiku, katika matope ya mifereji, katika samadi, katika mbao za nyumba zilizooza.

Baba alitaka mwanawe awe mchungaji wa kanisa. Mwana akautafakari uzito wa kazi ile, akajiona hafai, akaomba apewe ruhusa ya kujifunza uganga. Baba akakubali kwa shingo upande, na mwaka 1661 Jan akaingia katika chuo kikuu cha Leiden. Hapo alipata rafiki wawili ambao majina yao yalijulikana sana baadaye. Mmoja ni Niels Stensen, Mdenmark, aliyelelewa katika kanisa letu la Kilutheri. Wa pili ni Regnier de Graaf, Mholanzi mwenziwe. Watatu hawa walipasua maiti za watu na za wanyama pamoja, nao wakapendana, ingawa urafiki na mmoja wao ulikuja kuharibika, kama tutakavyoona.

Alipokuwa bado mwanafunzi, Jan alifanya jambo moja kwa mguu wa chura ambalo lilitosha peke yake kuliweka jina lake katika vitabu. Wenye elimu wa wakati ule walifundisha ya kuwa mtu akitaka kukunja mkono wake, hewa fulani nyembamba, waliyoiita roho za mwili, hushuka kutoka ubongoni kwa njia ya mishipa ya fahamu, ikaujaza msuli kama vile upepo unavyojaza kibofu. Msuli ukifura, mkono hukunjika. Jan akauchukua msuli wa chura pamoja na mshipa wake wa fahamu, akautia ndani ya mrija wa kioo, akauziba mrija, akaacha ncha yake nyembamba kama unywele, na katika ncha hiyo akaweka tone moja la maji. Kama mafundisho yale ni kweli, msuli ukijikunja utafura na kulisukuma tone kwenda juu. Akauvuta mshipa kwa uzi wa waya. Msuli ukajikunja. Tone halikupanda hata kidogo. Basi hakuna kitu kilichoingia msulini. Msuli hubadili umbo lake tu, haupati ukubwa zaidi. Tena chura alikuwa amekwisha kufa, na msuli ulikuwa umetengwa na ubongo, walakini ukaitika ulipoguswa mshipa. Ilipita miaka zaidi ya 100 kabla Luigi Galvani wa Italia hajachapisha, mwaka 1791, habari zake za umeme katika miguu ya vyura.

Mwaka 1667 alipewa cheo cha udaktari kwa kitabu chake juu ya kupumua. Aliona ya kuwa mapafu ya mtoto aliyekwisha vuta pumzi yakitiwa majini huelea, na ya mtoto ambaye hakupumua kamwe huzama. Neno hili laonekana dogo, lakini miaka michache baadaye waganga wa Ujerumani walilipeleka mbele ya mahakimu, wanawake waliposhtakiwa kwamba wamewaua watoto wao wachanga. Leo inajulikana ya kuwa alama hiyo haitoshi peke yake kuhukumu mtu, kwa maana mapafu huweza kuelea kwa sababu nyingine pia; lakini zamani zile mwanamke wa namna hiyo hakuwa na shahidi yeyote wa kumtetea.

Baada ya kupata udaktari wake hakuwatibu watu. Hilo lilimkasirisha sana baba yake, naye mzee si wa kulaumiwa kabisa, maana alikuwa amegharimia masomo ya miaka mingi, na mtoto alirudi nyumbani mwenye homa ya vipindi, hana mshahara, akitumia siku zake kuwapasua wadudu. Baba akamtishia kumnyima fedha na nguo. Jan akaahidi mara kwa mara kuanza kazi ya uganga, na mara kwa mara akarudi kwa viwavi wake.

Juu ya viwavi nataka kukaa kidogo, kwa sababu jambo hili latuhusu sisi tulio wahubiri na walimu. Watu wa siku zile walidhani ya kuwa kiwavi akijifunga ndani ya ganda lake hufa kweli, mwili wake huoza, na katika uozo ule kipepeo huumbwa upya kama kiumbe kingine. Hata William Harvey, tabibu Mwingereza aliyeonyesha mwaka 1628 jinsi damu inavyozunguka mwilini, alifundisha kwamba wadudu hubadilika hivyo kwa ghafula. Wahubiri wakaipenda habari hii, wakaitumia kuthibitisha ufufuo wa wafu. Swammerdam akamtwaa kiwavi aliye karibu kujifunga, akamtia katika maji ya moto kidogo, akamvua ngozi yake polepole kama mtu anayevua kanzu. Na tazama, chini ya ngozi ya kiwavi palikuwa na kipepeo, mwenye mabawa laini yaliyokunjwa, na miguu yake, na pembe zake, vyote vikiwa vidogo na vyenye maji. Hakuna aliyekufa. Ni mnyama yule yule mmoja anayekua, kama chipukizi linavyokuwa ua.

Mwaka 1669 alichapa kitabu juu ya mambo hayo kwa lugha ya kwao, Kiholanzi, naye akawagawanya wadudu katika makundi manne kwa kufuata jinsi wanavyokua. Kitabu kilipinga pia neno lililosadikiwa na karibu watu wote, kwamba inzi, funza na nyuki huzaliwa na uozo. Wengine walikuwa wakitaja habari ya Samsoni katika Waamuzi sura ya 14, ya kwamba nyuki walitoka katika mzoga wa simba. Lakini maandiko hayasemi ya kuwa mzoga uliwazaa. Kundi la nyuki laweza kukaa katika kifua kikavu cha simba kama linavyokaa katika mzinga uliotundikwa mtini, na kila mrina asali ajua ya kuwa nyuki hawachagui nyumba yenye heshima.

Wako waliohuzunika, wakaona ameivunja hoja nzuri ya imani. Mimi nadhani alitutendea mema. Mfano si uthibitisho. Mtu akimwambia mwanafunzi wa ubatizo ya kuwa kiwavi hufa na kufufuka, na mwanafunzi yule siku moja akafungua ganda akaona si hivyo, ataanza kuuliza kama maneno mengine ya mwalimu yako vivyo hivyo. Kwa haki niseme pia kwamba Swammerdam mwenyewe alizidisha. Leo wenye elimu wajua ya kuwa sehemu nyingi za mwili wa kiwavi huyeyuka kweli ndani ya ganda, na mwili wa kipepeo hukua kutoka katika vipande vidogo vilivyokuwamo tangu mwanzo. Tena yeye alifikiri kwamba vizazi vyote vimefungwa tayari katika mayai ya mama wa kwanza, akapendezwa kuona katika neno hilo namna ya kueleza jinsi dhambi ya wazazi wetu wa kwanza ilivyotufikia sote. Hilo nalo halikusimama. Ameanguka katika shimo lile lile alilowatoa wengine.

Kama mwaka 1668 Cosimo de' Medici, mrithi wa mtawala wa Toscana katika Italia, alipita Amsterdam, akaingia katika chumba cha Swammerdam. Huyu akamvua kiwavi ngozi mbele ya macho ya mgeni wake na kumwonyesha mabawa. Yule mkuu akastaajabu sana, akataka kutoa gilda 12,000 kwa ajili ya makusanyo yote, ila kwa sharti kwamba mwenyewe aende kukaa katika nyumba yake ya kifalme huko Florence. Zilikuwa fedha nyingi kwa mtu asiye na chochote. Swammerdam akakataa. Hakupenda maisha ya barazani kwa wakuu, wala hakutaka kujitia katika hatari ya kuacha imani yake.

Sasa nirudi kwa nyuki, maana ndiyo kazi yake iliyo kubwa kuliko zote, aliyoifanya hasa katika miaka ya 1673 na 1674. Wakati wa jua kali alianza saa kumi na mbili asubuhi, akakaa nje kichwa wazi, ili nuru ya jua isizuiwe na kitu, akatazama katika kioo mpaka saa sita mchana, hata macho yakamchoka na jasho likamtoka. Mchana na usiku akaandika na kuchora aliyoyaona. Visu vyake na mikasi yake vilikuwa vidogo hata ikampasa kuvinoa chini ya kioo cha kukuzia. Alikuwa na mirija ya kioo myembamba mno ya kupulizia hewa au kutilia nta ya rangi katika matumbo ya mdudu, ili njia zake zionekane. Aliwapasua wadudu ndani ya maji, ili sehemu zao zielee na kutengana. Kwa njia hiyo akayaona mayai ya malkia. Akaona ya kuwa wale nyuki wanene wasio na mwiba ndio madume, akachora viungo vyao vya kiume. Akaona ya kuwa nyuki wa kazi wamo karibu zaidi na hali ya jike, ingawa hawazai. Basi ufalme wote wa Aristotle ukapinduka: mfalme ni mama, na kazi yake si kutawala bali kutaga, na malkia mwenye nguvu aweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku moja.

Jambo moja lilimshinda. Hakuona kamwe malkia na dume wakikutana, akakisia ya kuwa harufu ya madume yatosha kumpa malkia uzazi. Sivyo. Malkia kijana hutoka mzingani, hukutana na madume wengi angani, kisha huichukua mbegu yao maisha yake yote. Na katikati ya karne ya 19 padre mmoja wa Silesia, Johann Dzierzon, alifumbua lililo la ajabu zaidi, kwamba dume la nyuki hutoka katika yai lisilopata mbegu, yaani lina mama lakini halina baba. Nyuki wa kazi na malkia wao hutoka katika mayai ya namna moja. Chakula wanachopewa wakiwa mabuu ndicho kinachowatenga.

Habari ya ugomvi wake na De Graaf naipita upesi, maana haipendezi. Wote wawili walichunguza mahali mtoto wa binadamu anapoanzia ndani ya mama, De Graaf akachapa kitabu mwaka 1672, na Swammerdam akadai ya kuwa yeye na mwalimu wao, Johannes van Horne, ndio waliotangulia. Wakaandikiana maneno makali. Shauri likapelekwa kwa chama cha wenye elimu huko London, nao wakasema heshima ya kwanza ni ya Stensen. De Graaf alikufa mwaka 1673, naye hakuwa na umri zaidi ya miaka 32. Waliokuwa wamekaa meza moja hawakupatana tena.

Katika siku hizo Swammerdam alichoka rohoni. Homa haikumwacha, baba hakumsamehe, rafiki alikuwa kaburini. Kila alipoona uzuri katika tumbo la mdudu, moyo wake ulimshitaki: je, amemtafuta Mungu katika kazi hii, au amejitafuta mwenyewe na sifa za watu? Akaanza kusoma vitabu vya Antoinette Bourignon, mwanamke aliyezaliwa Lille mwaka 1616, aliyejiona amepewa nuru ya pekee na Mungu, akifundisha ya kuwa makanisa yote yameanguka na ya kuwa yampasa Mkristo kuyaacha mambo yote ya ulimwengu. Tangu mwaka 1673 akamwandikia barua. Mwaka 1675 alichapa kitabu juu ya mdudu yule aishiye miaka mingi katika tope la mto, kisha akatoka na mabawa kwa muda wa saa chache tu, asile kitu, atage mayai na kufa. Na kitabu hicho alikijaza sala na maombolezo juu ya ufupi wa maisha ya mwanadamu. Hata ruhusa ya kukichapa aliipata kwanza kwa Bibi Bourignon. Maandiko aliyoandika juu ya kiwavi wa hariri aliyaharibu kwa mkono wake. Michoro tu ikasalimika, kwa kuwa aliipeleka kwa njia ya Stensen kwa Marcello Malpighi wa Italia, aliyekuwa akichunguza mdudu huyo huyo.

Mwezi wa Septemba mwaka 1675 alifunga safari kwenda Schleswig, alikokaa Bibi huyo na wafuasi wake. Nchi ile ilikuwa ya Kilutheri, na wachungaji wetu walikuwa wamempinga kwa nguvu, hata mashine yake ya kuchapia vitabu ikachukuliwa. Naona walikuwa na haki kuyapinga mafundisho yake, sina hakika kama walikuwa na haki katika njia zote walizozitumia. Swammerdam alikaa huko kama miezi tisa, akatumwa mpaka Copenhagen kuwaombea wenziwe mahali pa kukaa, asifaulu. Stensen naye, ambaye mwaka 1667 alikuwa ameingia kanisa la Roma, alimwandikia akimvuta amfuate na kuahidi ya kuwa atatunzwa vizuri Florence. Alikataa pia. Huyu mtu aliyependa kutii hakuweza kuinunua raha kwa roho yake.

Katikati ya mwaka 1676 akarudi Amsterdam. Tena, baada ya yote, akarudi mezani pake! Alipasua, akachora, akaandika, akapanga upya kazi ya miaka yake yote. Mwaka 1678 alimwandikia rafiki yake Mfaransa, Melchisédec Thévenot, habari za chawa aliyempasua, na katika mdudu huyo anayechukiwa na watu wote akaonyesha matumbo, mishipa na njia za pumzi, akamsifu Mwumba kwa mkono wake mkuu ulioonekana hapo. Wengi hushangaa jinsi mtu aliyeharibu kazi yake kwa ajili ya Mungu alivyoirudia kwa ajili ya Mungu yule yule. Mimi sishangai. Martin Luther alifundisha ya kuwa fundi wa viatu na mama mwenye kulea mtoto wamo katika utumishi wa Mungu sawasawa na mtawa katika chumba chake. Swammerdam hakuwa wa kanisa letu; lakini laiti neno hilo lingalimfikia kabla ya moto wa nafsi yake kuiteketeza ile kazi ya hariri.

Mwaka huo wa 1678 baba yake alifariki, na urithi ukamletea mashitaka na dada yake. Makusanyo yake mwenyewe alijaribu kuyauza, asipate mnunuzi. Homa ikarudi, mwili ukavimba. Alifariki Amsterdam tarehe 17 Februari mwaka 1680, mwenye umri wa miaka 43. Bibi Bourignon naye alikufa mwaka ule ule.

Maandiko yake alimwachia Thévenot, lakini mtu aliyekuwa akiyatunza Leiden hakutaka kuyatoa mpaka aliposhitakiwa. Baadaye yakauzwa huko Ufaransa, yakapita mikono hii na hii. Mwaka 1727 yakanunuliwa na Herman Boerhaave, mwalimu mkuu wa uganga wa Leiden, naye mwana wa mchungaji. Aliyasoma, akayapanga, na katika miaka ya 1737 na 1738 akayachapa kwa Kiholanzi na kwa Kilatini, akiyapa jina la Biblia ya Asili. Humo ndimo watu waliposoma mara ya kwanza habari za msuli wa chura katika mrija wa kioo, na kuiona michoro ya tumbo la malkia wa nyuki, miaka karibu 60 tangu kufa kwake aliyeichora. Picha ya mtu mwenyewe haipo. Ile inayochapwa mara nyingi katika vitabu imetolewa katika picha ya Rembrandt ya mwaka 1632, naye Swammerdam alikuwa hajazaliwa.